Ndege Anapoitwa

Kasansa tulianza kuwajua ndege kwa masikio. Mtoto wa bondeni akitumwa shambani alfajiri, giza bado limelala chini ya milima ya Lyamba lya Mfipa, hana cha kutazama. Anasikiliza. Kanga wanaamshana vichakani, kwarara anapita juu akipiga kelele kuelekea kwenye maji, na jua likishachomoza unakuja mvumo mwembamba kutoka upande wa Ziwa Rukwa, unakua, unakaribia, mpaka majani ya mpunga yanatikisika bila upepo. Hao ni kwelea kwelea.

Wakati huo Kasansa ilikuwa bado Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Katavi haikuwa mkoa hadi mwaka 2012, na Halmashauri ya Mpimbwe haikuwapo. Wengi wetu tuliishi kwa mpunga, na mpunga ukianza kutia maziwa, Aprili kuingia Mei, watoto walikuwa na kazi moja: kuwinga ndege. Tuliwinga kabla ya shule na baada ya shule. Siku ndege walipozidi, shule ilisubiri. Kulikuwa na dungu la miti katikati ya majaruba, juu yake anakaa mmoja mwenye debe na fimbo. Wengine tulisambaa kwenye matuta na makombeo. Kutoka mti hadi mti tulifunga mikanda ya kaseti iliyoharibika, na upepo ukiipitia ililia mlio mkali ambao ndege hawakuupenda. Siku za mwanzo hawakuupenda. Baadaye waliuzoea, nasi tukarudi kwenye debe.

Kwelea kwelea mmoja kwa kawaida hafiki gramu 25. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa linakadiria kwamba anaweza kula gramu 10 hivi za nafaka kwa siku. Kundi la ndege milioni moja basi, na makundi ya ukubwa huo si ya ajabu, linaweza kumaliza tani 10 kati ya asubuhi na jioni. Hesabu hiyo nilikuja kuijua ukubwani, lakini maana yake niliijua usoni mwa mama alipokuwa akishika suke tupu kati ya vidole viwili, akilisugua, kisha akiliachia bila kusema kitu.

Tulipiga kelele moja tu: "Ndege! Ndege!" Ilipokuja ile ya kunyunyizia sumu, tulipiga kelele ileile, na mtu mzima aliye mbali ilimbidi aulize, "Wale au ile?" Kiswahili kimeweka tofauti yote hapo. Wale wana uhai. Ile ina rubani na tangi la fenthioni. Maafisa kilimo walituonya tusiokote ndege waliokufa, lakini mwewe na tai hawakuonywa na mtu. Walikuja kula wafu, wakafa nao. Tangu zamani hizo siwezi kusikia mtu akisema "kuangamiza ndege waharibifu" bila kuuliza ni ndege gani, na nani ataokota mabaki.

Nasema haya mapema ili msomaji asidhani natoka kwa watu waliowapenda ndege kwa sababu hawakuwaumiza. Ndege walitula. Pamoja na hayo, bibi yangu mzaa mama, ambaye alipoteza mpunga mwingi kwa kwelea kuliko mtu yeyote ninayemfahamu, ndiye aliyenifundisha kumwita kila ndege kwa jina lake.

Alikuwa na njia yake. Hakuwahi kunionyesha ndege kwa kidole akasema huyu ni fulani. Alinyamaza, akaniacha nisikilize, kisha akauliza: "Anasema nini?" Dudumizi alikuwa rahisi, kwa kuwa amelibeba jina lake mdomoni: sauti nzito inayoshuka, du-du-du-du, maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chenye shingo nyembamba. Akilia mfululizo mchana wa jua kali, bibi aliingiza ndani muhogo uliokuwa umeanikwa. Pugi, yule njiwa mdogo wa vichakani, alisemekana kuwahesabu jamaa zake waliokufa, mmoja baada ya mwingine, mpaka sauti inamwishia. Mumbi tulimsikia kabla ya mvua za kwanza, dume na jike wakijibizana kwa mngurumo wa chini kabisa, na ukiwakuta wanatembea kwenye majani yaliyoungua, weusi, ngozi nyekundu inaning'inia kooni, ulirudi nyumbani kuulizia jembe lako liko wapi.

Kwa bibi jina la ndege lilikuwa ni habari. Lilikuambia anakula nini, analala wapi, anakuja na msimu gani, na ukimsikia ufanye nini. Katika Kiswahili cha wazee wa pwani neno ndege lenyewe lina maana ya dalili: msafiri akianza safari akaona jambo la heri alisema amepata ndege njema, na likiwa la shari, ndege mbaya. Bibi hakuwa mtu wa pwani, na sidhani kama aliwahi kusikia matumizi hayo, lakini bundi alipotua juu ya paa hakulala. Sikukubaliana naye kuhusu bundi wakati ule, na sikubaliani naye sasa, kwa sababu bundi anakula panya wanaomaliza ghala. Ila katika wengine wote nimemwona akiwa sahihi mara nyingi zaidi kuliko nilivyotazamia.

Mjomba alinifundisha sehemu ya pili, na hii ndiyo sehemu ninayoifikiria zaidi.

Yeye alikuwa mrina asali. Watu wa Mpanda na Mlele wanajulikana nchi nzima kwa asali ya miombo, na siku hizi inauzwa kwenye chupa nzuri zenye lebo. Mjomba aliipata kwa shoka, moshi na mlembe. Mlembe ni ndege wa asali, mdogo, rangi ya udongo mkavu. Dume ana koo jeusi na baka jeupe shavuni, na akiruka unaona manyoya meupe pembeni mwa mkia. Ukimwona ametulia hutageuka kumtazama mara ya pili. Lakini akikujia akiwa na jambo la kusema, analisema: mlio wa haraka usiokoma, kama kibiriti kinachotikiswa karibu na sikio.

Mara ya kwanza kufuatana na mjomba tulikuwa upande wa miombo, mbali na mashamba, kiangazi. Alipiga mluzi mrefu wenye kupanda mwishoni, akagonga shina la mti kwa mgongo wa shoka, akanyamaza. Akarudia. Tulitembea hivyo kwa muda mrefu na mimi nikaanza kuchoka, mpaka mlio ule wa kibiriti ukatokea juu ya vichwa vyetu. Mjomba hakuinua macho. Alijibu kwa sauti ya chini, maneno ya kawaida kabisa, "Haya, twende, tunakuja," naye ndege akaruka hadi mti wa mbele, akatua tawi la wazi, akaita tena. Tulipochelewa alirudi. Tulipokaribia alisogea. Kisha mlio ukabadilika. Ukawa wa polepole, wenye nafasi ndefu katikati, halafu ukakatika. Mjomba akasimama palepale, akasema, "Amefika. Sasa ni kazi yetu." Tuliinua macho tukatafuta, na kwenye ufa wa mti mkavu tukaona nyuki wakiingia na kutoka.

Baada ya moshi na shoka, baada ya masega kuingia ndooni, mjomba alikata kipande kizuri chenye nta na majana, akakiweka juu ya jani pana kwenye kisiki, mahali pa wazi. Nilimuuliza kwa nini asimwachie mabaki yaliyomwagika chini. Akaniambia, "Mjomba, huyu ni mwenzangu wa kazi. Mwenzako humpi makombo." Warina wengine huwaambia watoto kwamba ukimdhulumu mlembe, safari ijayo atakupeleka kwa chui au kwa nyoka. Mjomba hakuniambia hivyo. Kwake haki ya ndege ilitosha bila chui.

Ukubwani nimekuta kwamba mazungumzo hayo yameandikwa tangu zamani. João dos Santos, padri Mreno aliyekaa Sofala katika miaka ya 1580, aliona ndege mdogo akiingia kanisani kudonoa nta ya mishumaa, na akaeleza kuwa ndege huyohuyo huwapeleka watu kwenye asali. Mwaka 2016 mtafiti Claire Spottiswoode na wenzake walichapisha utafiti waliofanya na warina wa Kiyao huko Niassa, Msumbiji. Wayao humwita mlembe kwa sauti maalumu, mtetemo wa ulimi unaoishia na mguno. Watafiti walipotembea porini wakipiga sauti hiyo, uwezekano wa kuonyeshwa nyuki ulikuwa zaidi ya mara tatu ya walipopiga sauti nyingine. Mwaka 2023 Spottiswoode na Brian Wood wakaongeza la kwetu: Wahadza wa Tanzania humwita mlembe kwa mluzi, na mlembe wa Uhadzani huitikia mluzi wa Kihadza kuliko sauti ya Kiyao, wakati wa Niassa huitikia Kiyao kuliko Kihadza. Ndege hawa hawafugwi na mtu. Wamejifunza lugha ya jirani zao porini, kila mahali lugha yake.

Nilisoma habari hizo nikamkumbuka mjomba akigonga shina, na nilitamani angekuwepo nimsomee.

Sasa niseme habari za Guku. Kuanzia miaka ya 1970 Wasukuma waliteremka na ng'ombe wao kutoka Shinyanga na Mwanza wakaja bonde la Rukwa, na kijijini kwetu walikuwa jirani zetu. Mzee mmoja kati yao tulimwita Guku, kama wajukuu zake walivyomwita, yaani babu. Alikuwa na maneno machache. Jioni moja tulikuwa tunaota moto nje kwake, nikamsimulia kwa furaha habari za mjomba na mlembe. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema kwamba kwao pia walijua kuita ndege, ila yeye hakupenda kuikumbuka kazi ile.

Ndege wa Guku alikuwa cherero. Ndivyo vitabu vya ndege vya Kiswahili vinavyowaita kasuku wadogo wa jenasi Agapornis, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kigiriki, upendo na ndege, kwa sababu wawili wakishaoana hawaachani, hukaa bega kwa bega wakichambuana manyoya. Yule wa Usukuma na Serengeti ana mwili wa kijani, kichwa cha rangi ya chungwa, mdomo mwekundu na duara jeupe kuzunguka jicho. Mtaalamu wa Berlin, Anton Reichenow, alimtangaza mwaka 1887 kwa jina la msafiri Gustav Fischer, ambaye alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla. Mwaka huohuo Reichenow alimtangaza na ndugu yake, mwenye uso mweusi na ukosi wa njano, wa nyanda za kati. Dunia nzima yenye kufuga ndege inawajua hawa wawili, na wote wawili makao yao ya asili ni Tanzania.

Guku alieleza kazi. Kiangazi, maji yanapobaki madimbwi machache, cherero hushuka kunywa kwa makundi. Watu walitega nyavu pembeni mwa maji, wengine walipaka ulimbo kwenye vijiti. Lakini kundi likihofu halishuki, linazunguka juu tu. Kwa hiyo walikuwa na ndege wa kuitia: cherero mmoja aliyekamatwa mapema, amefungwa uzi mguuni karibu na wavu. Kundi likipita juu, yule wa chini analia akiwaita wenzake. Nao wanamjibu, wanashuka.

"Sisi hatukumwita," Guku akasema. "Aliitwa na ndugu yake."

Baada ya hapo alieleza masanduku ya mbao, magari ya kwenda Arusha na Dar es Salaam, na asubuhi za kufungua sanduku na kutoa waliokufa kabla mnunuzi hajaja kuhesabu. Malipo yalikuwa madogo, lakini mwaka wa njaa hakuna malipo madogo. Sikumlaumu siku ile na siwezi kumlaumu leo. Aliyekuwa na sanduku na kibali hakukaa kwenye tope akisubiri kundi lishuke. Mwaka 1987 cherero wa Fischer alikuwa miongoni mwa kasuku wa porini waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani, na leo shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, IUCN, linamhesabu kuwa karibu na hatari ya kutoweka. Marekani ilifunga mlango kwa ndege wengi wa porini kwa sheria ya mwaka 1992. Umoja wa Ulaya ulizuia moja kwa moja mwaka 2007, baada ya hofu ya mafua ya ndege. Tanzania yenyewe ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016.

Mjomba na Guku wote wawili walikuwa hodari wa lugha ya ndege. Wote walijua ni sauti gani, saa gani, mahali gani. Ila mjomba alisema neno lake mwenyewe, ndege akawa na hiari ya kuja au kutokuja, na akija kulikuwa na fungu lake juu ya jani. Kwenye kazi ya Guku neno lilikuwa la ndege, aliloambiwa na mamaye kiotani, nalo ndilo lililofanywa chambo. Tangu jioni ile najua kwamba kumwelewa mnyama hakumfanyi mtu kuwa rafiki yake. Mtegaji hodari anamwelewa vizuri kuliko mpenzi wa wanyama anayemtazama kupitia dirisha la gari hifadhini. Kinachowatenganisha watu ni kile wanachohisi kwamba wanadaiwa baada ya kuelewa.

Kasansa hatukuwa na cherero wa Guku. Tulikuwa na kasuku wa kahawia wa miombo, mwenye bega la njano na tumbo la kijani linaloelekea buluu, mpiga kelele mkubwa anayetaga kwenye matundu ya miti. Jozi moja ilikaa miaka mingi kwenye mti mkubwa njia ya kwenda Mamba. Siku moja akaja mtu wa mjini, amevaa vizuri, anauliza kasuku anayesema. Wazee wakamwambia kasuku wetu hasemi. Akauliza makinda, kwa sababu makinda hufundishika. Akaeleza jinsi anavyosafirisha mzigo, mzigo unavyotakiwa kufungwa, mzigo unaofika na mzigo unaopungua njiani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya baba na sikuelewa mpaka alipomaliza kwamba mzigo ni ndege. Alikuwa amewatoa katika "wale" akawaingiza katika "ule". Baba alimkaribisha chakula, akala, akaenda zake bila makinda. Nashukuru kwamba jozi ile ilikuwa juu ya mti usiopandika.

Neno kasuku limebeba lawama nyingi kuliko linavyostahili. Shuleni mwalimu akitaka kumwambia mwanafunzi kwamba hajaelewa, anamwambia anakariri kama kasuku. Bungeni husemwa, magazetini huandikwa. Nilikuwa nasema hivyo na mimi, mpaka niliposoma habari za Alex, kasuku wa kijivu aliyenunuliwa na mtafiti Irene Pepperberg huko Marekani mwaka 1977 na kuishi naye hadi mwaka 2007. Alex alijifunza majina ya vitu kama 50, alitaja rangi na maumbo, alihesabu hadi sita, na alipoulizwa vitu viwili vinatofautiana nini alijibu kama ni rangi, umbo au ukubwa, na kama havitofautiani alisema hakuna. Kasuku wa aina yake ni wa misitu ya Kongo, na huku kwetu anafika ukingoni tu, upande wa Kagera. Biashara ya kuwakamata iliwamaliza kiasi kwamba tangu Januari 2017 mkataba wa CITES umezuia kuwauza kimataifa kutoka porini.

Lakini kilichonigusa kuliko Alex ni kasuku wadogo wasiosema neno hata moja la binadamu. Huko Venezuela, Karl Berg na wenzake waliweka kamera na vinasa sauti ndani ya viota vya kasuku wadogo wa kijani, na mwaka 2011 wakachapisha walichokiona: wazazi humpa kila kinda mlio wake wa kuitwa. Ili kuhakikisha kwamba si urithi wa damu, walihamisha mayai kutoka kiota hadi kiota. Makinda wakakua na milio iliyofanana na ya wazazi waliowalea. Mlio huo kinda huurekebisha kidogo, na ndio unaomtambulisha maisha yake yote kwa wazazi, ndugu na mwenza. Kwa Kiswahili cha nyumbani, kasuku wanapewa majina na walezi wao.

Kwa hiyo mtu anapomchukua kinda wa kasuku kutoka tunduni ili amfundishe kusema "Karibu" na "Habari yako", anamchukua mtoto ambaye tayari ana jina, au aliyekuwa amebakiza siku chache tu apewe. Kasuku wa kwenye kizimba husema maneno yetu kwa sababu ni ndege wa jamii, asiyeweza kuishi bila kuitikiwa, na sisi tu ndio tuliobaki karibu kumwitikia. Watu husifu akili yake. Mimi naisikia hamu.

Miaka kadhaa iliyopita, Dar es Salaam, nilisimama mbele ya tundu la waya kando ya barabara. Ndani walikuwamo cherero: wa kijani, wa njano tupu, wa buluu. Muuzaji, kijana mchangamfu, aliniambia ni kasuku wa Ulaya, wamezaliwa tunduni, hawajui pori. Huenda ni kweli kwamba walizaliwa tunduni. Ndege hawa wamezalishwa nje ya nchi kwa vizazi vingi, na rangi nyingine ni kazi ya wafugaji. Lakini yule wa buluu mwenye uso mweusi asili yake ni ndege wa porini aliyetolewa Tanganyika akapelekwa London mwaka 1927. Nilimweleza kijana yule kwamba ndege wake ni Mtanzania. Alifurahi sana, akaita wenzake, na kuanzia hapo, nikiwa bado nimesimama, akawa anawaambia wateja: "Hawa ni wa hapahapa, bosi, wa nyumbani!" Sikujua nicheke au nini. Nilichokitaka ni kwamba afahamu wanatoka wapi, naye akapata neno jipya la kuuzia.

Ukifika Naivasha, Kenya, utawaona cherero wa Fischer na wale wa ukosi wa njano wakiruka pamoja na kuzaa machotara, wote wajukuu wa ndege waliotoroka au kuachiwa kutoka vizimbani. Kwao Tanzania kila mmoja ana nchi yake. Wapo wanaofurahia kuwaona huru. Nami nafurahi kidogo, halafu namkumbuka yule aliyefungwa uzi mguuni.

Siku hizi nikirudi Kasansa nawakuta watoto wa ndugu zangu wakiwinga bado, ingawa wengine wana simu zinazopiga sauti ya mwewe. Nawauliza majina. Kila ndege mdogo ni kandege, kila wa kijani ni kasuku, na mumbi wamemwona kwenye picha. Siwalaumu. Bibi zao wa sasa ni mama zetu sisi, na sisi tuliondoka kwenda shule za bweni katika umri uleule ambao maneno hayo hufundishwa. Basi tumeanza daftari. Binti wa dada yangu, aliye kidato cha pili na mwenye mwandiko mzuri, ndiye mwandishi. Kuna safu ya jina la Kiswahili, safu ya Kipimbwe, safu ya Kisukuma, safu ya chakula, na safu pana kuliko zote ambayo yeye mwenyewe aliipa kichwa: Anasema nini.

Haiendi haraka. Ndege wa mashambani wamejaa karibu wote, kwa sababu kila mtu anawajua maadui zake. Wa miombo tunawapata kwa warina wachache waliobaki. Shida iko kwa ndege wa majini, wale wa Mto Kavuu na wa kandokando ya ziwa: korongo wa aina nyingi, domokijiko, mwari, mnandi, na wengine ambao nina sauti zao kichwani bila majina. Mjadala mkali wa mwisho ulikuwa juu ya korongo mmoja mrefu wa kijivu. Wajukuu wa Guku wana jina lake, sisi tuna jina lake, na kila upande unasema upande wa pili unamwita ndege mwingine kabisa. Binti ameandika yote mawili kwa penseli. Kuna mvuvi mzee huko karibu na Mamba ambaye watu wanasema alikuwa akiwatofautisha hata usiku, na baada ya mavuno tutakwenda kumwona, tukimchukulia kilo chache za mchele mpya.